Somo la Saba: Vijidudu vya Kinywani na Kansa ya Kinywa

Katika masomo yaliyopita tumesoma habari za maji safi na choo bora. Leo tutasoma habari za kinywa.

Kinywa ni mlango wa mwili. Chakula hupita hapo. Maji hupita hapo. Maneno yetu hutoka hapo. Lakini ni wangapi kati yetu hutazama ndani ya vinywa vyao? Nyuso zetu tunazitazama kwenye kioo. Wanaume hunyoa ndevu na wanawake husuka nywele. Kinywa hatukitazami mpaka jino liume.

Upo ugonjwa ambao mara nyingi huanza kinywani bila kuuma. Ugonjwa huo ni kansa ya kinywa. Kwa kuwa hauumi mwanzoni, mtu huupuuza. Anapofika hospitali, ugonjwa umekwisha kuenea. Lakini ukigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika. Ndiyo sababu tunasoma somo hili.

MANENO MAPYA

Bakteria: aina ya vijidudu vidogo sana. Havionekani kwa macho matupu.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo ili vionekane.
Chembe hai, au seli: vipande vidogo sana vilivyo hai vinavyojenga mwili wetu.
Kansa: ugonjwa wa chembe hai zinazoongezeka ovyo bila mpango. Hospitalini utasikia pia neno saratani. Ni ugonjwa huo huo.
Ukoga: utando laini unaoganda kwenye meno yasiyosafishwa.
Ugaga: ukoga uliokuwa mgumu kama jiwe.
Ufizi: nyama inayoshika meno.
Kaakaa: sehemu ya juu ya ndani ya kinywa.

1. VIJIDUDU VYA KINYWANI VILIONEKANAJE?

Zamani hakuna aliyejua kwamba kinywani mna viumbe hai. Katika mji wa Delft, Uholanzi, palikuwa na mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu. Lakini alipenda kujifunza, naye alijitengenezea hadubini zake mwenyewe.

Mwaka 1683 alikwangua uchafu mweupe katikati ya meno yake. Akauchanganya na maji safi. Akautazama kwa hadubini. Akaona viumbe vidogo vingi vikienda huku na huku. Aliandika barua kuwaeleza wataalamu wa London aliyoyaona.

Leo wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 700 za bakteria katika vinywa vya watu. Mtu mmoja hana aina zote hizo. Lakini kila mtu anazo nyingi, awe tajiri au maskini, awe wa mjini au wa kijijini.

Je, vijidudu hivyo vyote ni adui? Hapana. Vingi havina madhara. Vingine hutufaa, kwa sababu hukalia nafasi ambayo vijidudu vibaya vingeichukua. Kinywa ni kama shamba. Shamba likipaliliwa, mazao hustawi. Shamba likiachwa, magugu huenea. Kinywa kisiposafishwa, vijidudu vibaya huongezeka.

2. KAZI YA VIUMBE WASIOONEKANA

Labda utauliza: kitu kisichoonekana kinaweza kufanya nini?

Hapa Matembwe, na Njombe yote, tunaifahamu kazi hiyo. Tazama ulanzi. Mwanzi unapogemwa, maji yake huwa matamu. Hata mtoto huyanywa. Yakiachwa, huanza kutoa povu. Baada ya muda huwa makali na kulevya. Nani ameyageuza? Ni viumbe wadogo wasioonekana. Wakubwa kati yao ni chachu. Chachu hula sukari iliyomo na kutoa kileo. Tena ulanzi ukizidi kukaa, bakteria hukigeuza kileo kuwa siki.

Basi kumbuka jambo hili: viumbe wadogo wanaweza kukigeuza kitu kimoja kuwa kitu kingine. Kazi kama hiyo hufanyika pia kinywani mwetu, usiku na mchana. Tutaliona jambo hili tena mbele.

3. KANSA NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai nyingi sana. Chembe hizo huzeeka na kufa. Nyingine huzaliwa mahali pake. Chembe hai moja hugawanyika na kuwa mbili. Kabla ya kugawanyika, hunakili maagizo yake yote ili kila moja ipate nakala yake.

Wewe unajua kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, nawe unanakili katika daftari. Ukinakili ukurasa mmoja polepole, hukosei sana. Lakini ukinakili kurasa mia kwa haraka, huku moshi ukikuingia machoni, lazima utakosea maneno. Chembe hai nazo ni hivyo hivyo. Zikilazimika kugawanyika mara nyingi, au zikiguswa na sumu, hukosea kunakili.

Makosa mengi mwili huyasahihisha. Lakini mara nyingine makosa hulimbikizana. Ndipo chembe hai moja huacha kutii maagizo. Hugawanyika ovyo. Hufanya uvimbe au kidonda. Baadaye chembe hizo huweza kusafiri mpaka shingoni na sehemu nyingine za mwili. Hiyo ndiyo kansa.

Kansa ya kinywa huweza kutokea kwenye mdomo, ulimi, ufizi, ndani ya shavu, chini ya ulimi au kwenye kaakaa.

4. JE, VIJIDUDU VINAWEZA KULETA KANSA?

Zamani wengi walidhani kwamba kansa na vijidudu ni mambo mawili yasiyohusiana. Afrika Mashariki ilisaidia kuonyesha kwamba sivyo.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, alikuwapo daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt. Mwaka 1957 alianza kuona watoto waliovimba taya. Aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya kilomita. Walipita Tanganyika na nchi nyingine, wakienda hospitali hadi hospitali wakiuliza habari za ugonjwa huo. Waligundua kwamba huonekana sana katika nchi zenye joto na mvua. Katika nyanda za juu zenye baridi, ulikuwa wa nadra.

Mwaka 1964 wataalamu huko Uingereza waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi ni kijidudu kidogo zaidi kuliko bakteria. Baadaye ilijulikana kwamba kirusi hicho peke yake hakitoshi kuleta uvimbe. Kinasaidiwa na malaria.

Bakteria nao wana habari yao. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria wanaoishi tumboni na kuleta vidonda vya tumbo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba bakteria hao husababisha kansa ya tumbo. Mwaka 2005 madaktari hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Je, bakteria wa kinywani nao? Wataalamu wamechunguza uvimbe wa kansa ya kinywa. Mara nyingi wamekuta humo bakteria wale wale wanaoharibu ufizi. Mmoja wao huitwa Fusobacterium nucleatum. Jina hili ni gumu. Huna haja ya kulikariri.

Lakini tusiwe na haraka ya kuhukumu. Ukikuta nzi kwenye kidonda, huwezi kusema kwamba nzi ndiye aliyekileta. Huenda kidonda kilikuja kwanza, nzi akafuata. Lakini pia nzi akikaa hapo, kidonda huzidi kuoza. Ndivyo ilivyo kwa bakteria hao. Haijathibitishwa kwamba wao peke yao huanzisha kansa ya kinywa. Kinachoonekana ni kwamba wanaweza kuisaidia. Tuone wanavyosaidia.

5. NJIA TATU ZA VIJIDUDU KUSAIDIA KANSA

Njia ya kwanza: kuudhi ufizi kwa miaka mingi.
Ukoga usipoondolewa huwa ugaga. Bakteria hujificha chini yake, karibu na ufizi. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoa damu. Mwili hupigana nao kila siku. Katika mapigano hayo, chembe hai za mahali hapo huumia na kufa. Nyingine lazima zizaliwe upesi. Kunakili huwa kwingi, na makosa huwa mengi.

Njia ya pili: kugeuza kileo kuwa sumu.
Kumbuka habari ya ulanzi. Mtu anapokunywa pombe, bakteria wa kinywani hukigeuza kileo kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi. Kitu hiki huharibu maagizo ya chembe hai. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kwamba asetaldehaidi itokanayo na unywaji wa pombe huleta kansa. Kwa hiyo mnywaji mwenye kinywa kichafu huwa na kiwanda cha sumu kinywani mwake. Ni mamoja kama amekunywa ulanzi, komoni, bia au pombe kali. Kileo kilichomo ni kile kile.

Njia ya tatu: kuongeza sumu katika tumbaku.
Majani ya tumbaku yanapokaushwa na kuwekwa, bakteria hufanya kazi ndani yake. Kazi yao husaidia kutokea kwa sumu ziitwazo nitrosamini. Sumu hizi huleta kansa. Nchini Sudan uko ugoro uitwao toombak, ambao huachwa uchachuke. Umepimwa na kukutwa na nitrosamini nyingi mno, na watumiaji wake wamepata kansa ya kinywa. Ugoro unapowekwa kinywani, sumu hiyo hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

6. ADUI WAKUBWA NI NANI?

Tusipotoshwe. Bakteria ni wasaidizi. Adui wakubwa ni hawa:

(a) Tumbaku ya kila aina. Sigara, kiko, ugoro na kuberi vyote vimo. Wako wanaosema: "Mimi sivuti, natia ugoro tu." Kutovuta moshi hakuondoi sumu ya tumbaku. Ugoro wetu mara nyingi huchanganywa na magadi. Magadi hufanya nikotini iingie mwilini upesi, na mtumiaji hushindwa kuuacha. Wako pia wanaotia ugoro kwenye jino bovu kama dawa. Ugoro hauponyi jino.

(b) Pombe. Tangu mwaka 1988 imejulikana rasmi kwamba vileo husababisha kansa ya kinywa na ya koo.

(c) Tumbaku na pombe kwa pamoja. Hapa hatari huzidi sana. Madhara ya kimoja huongeza madhara ya kingine.

(d) Tambuu yenye popoo. Desturi hii iko zaidi pwani. Popoo yenyewe huleta kansa hata isipochanganywa na tumbaku.

Wenye virusi vya UKIMWI nao waangalie sana vinywa vyao. Mwili uliodhoofika hupata kansa upesi zaidi. Moja ya kansa hizo huweza kuonekana kama doa la zambarau kwenye kaakaa. Wafuate dawa zao kila siku, na wamwonyeshe mganga kila doa jipya.

7. KANSA YA KINYWA HAIAMBUKIZI

Tufikirie mzee mmoja kijijini. Ulimi wake una kidonda. Watu wanaanza kunong'ona. Kilabuni hawampi tena kikombe. Nyumbani sahani yake imetengwa. Wajukuu wamekatazwa kumkaribia. Wengine wanasema amerogwa. Mzee anaona aibu. Anajifungia ndani. Kidonda kinakua.

Kidonda hicho kingeweza kutibiwa mapema. Maneno ya watu ndiyo yaliyomfungia mlango wa hospitali.

Ndugu mwanakisomo, shika neno hili vizuri. Ni kweli kwamba bakteria huhama kinywa hadi kinywa. Lakini kansa haihami. Hupati kansa kwa kula na mgonjwa, kwa kumsalimu, wala kwa kumuuguza. Kuosha vyombo ni desturi njema kwa kila mtu. Lakini kumtenga mgonjwa ni kumwua kabla ya siku yake.

8. DALILI ZA KUANGALIA

Nenda kwa mganga ukiona mojawapo ya dalili hizi:

(a) Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2, hata kama hakiumi.
(b) Doa jeupe au jekundu lisilotoka ukilisugua.
(c) Uvimbe au ugumu kwenye ulimi, shavu au ufizi.
(d) Jino kulegea bila sababu inayojulikana.
(e) Kutoka damu au kufa ganzi kinywani.
(f) Shida ya kumeza, kutafuna au kuusogeza ulimi.
(g) Tezi la shingoni lisilopungua.

Si kila kidonda ni kansa. Vingi ni vidonda vya kawaida na hupona vyenyewe. Ndiyo sababu tunahesabu wiki 2.

9. NAMNA YA KUJICHUNGUZA

Fanya hivi mara moja kwa mwezi. Chukua kioo. Simama uani penye mwanga wa kutosha. Nawa mikono kwa sabuni.

Kwanza, tazama midomo, nje na ndani.
Pili, vuta shavu la kulia, kisha la kushoto. Tazama ndani.
Tatu, tazama ufizi wote, juu na chini.
Nne, toa ulimi. Ushike kwa kitambaa safi. Tazama pande zake zote mbili.
Tano, inua ulimi. Tazama chini yake.
Sita, inua kichwa. Tazama kaakaa.
Saba, papasa shingo pande zote mbili.

Mtumiaji wa ugoro aangalie zaidi mahali anapouweka. Wazee wasioona vizuri wasaidiwe na watoto wao.

10. MATIBABU

Anzia zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Njombe, na kutoka hapo kwenda hospitali kubwa zaidi kama ile ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Daktari atakata kipande kidogo cha nyama penye kidonda, baada ya kukutia ganzi. Kipande hicho hutazamwa kwa hadubini. Hakuna njia nyingine ya kuwa na hakika.

Ikiwa ni kansa, matibabu ni upasuaji, mionzi au dawa. Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Majengo yake ya kwanza yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1996 ilifanywa taasisi inayojitegemea ya kutibu kansa. Kutoka Makambako mpaka huko ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Nauli, chakula na malazi ni mzigo kwa mkulima. Kwa hiyo jamaa na majirani washauriane mapema namna ya kumsaidia mgonjwa. Kidonda kidogo huhitaji matibabu madogo. Kikikua, gharama hukua pia, na tumaini hupungua.

Usinunue dukani dawa za kuua bakteria ili kujikinga na kansa. Dawa hizo huua vijidudu vizuri na vibaya pamoja. Tena vijidudu huweza kuzizoea, zisikufae siku utakapozihitaji.

11. KINGA

(a) Acha tumbaku ya kila aina. Kuacha ni kugumu, lakini ukiacha, hatari hupungua mwaka hadi mwaka.
(b) Acha pombe, au ipunguze sana.
(c) Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye madini ya floridi. Mswaki wa mti ukichongwa vizuri nao huondoa ukoga. Sugua mpaka kwenye ufizi, lakini usiuumize.
(d) Sukutua kwa maji safi baada ya kula.
(e) Kula matunda na mboga. Hapa kwetu kabichi, mchicha, parachichi na matunda ya msimu vinapatikana.
(f) Ufizi ukitoka damu mara kwa mara, mwone mganga wa meno. Ugaga hautoki kwa mswaki. Lazima ukwanguliwe na mganga.

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakuishia kwenye kusoma. Nasi tusome kwa namna hiyo: tukimaliza kusoma, tutende.

MAJADILIANO YA KIKUNDI

1. Kijijini kwetu ni mambo gani yanayomzuia mtu mwenye kidonda asiende zahanati mapema? Tufanye nini kuyaondoa?
2. Kijana anataka kumshauri babu yake aache ugoro. Aanzeje, bila kumvunjia heshima?
3. Mnaonaje juu ya kuanzisha mfuko mdogo wa kusaidia nauli ya wagonjwa?

MASWALI

1. Leeuwenhoek aliona nini mwaka 1683?
2. Taja njia tatu ambazo bakteria wanaweza kusaidia kansa ya kinywa.
3. Kwa nini tunasema bakteria ni wasaidizi tu? Adui wakubwa ni nani?
4. Je, unaweza kupata kansa ya kinywa kwa kula na mgonjwa? Eleza.
5. Kidonda cha kinywani kikikaa muda gani bila kupona, lazima umwone mganga?

HESABU

Tuseme mtu hununua ugoro wa shilingi 300 kila siku. Kwa siku 30 atatumia shilingi ngapi? Kwa miezi 12 ya siku 30 atatumia shilingi ngapi? Jadilianeni fedha hizo zingefanya kazi gani nyumbani.

KAZI YA NYUMBANI

Jichunguze kinywa kwa kioo. Kisha mfundishe mtu mmoja asiyejua kusoma. Andika katika daftari lako sentensi tano kueleza ulivyomfundisha.

KUMBUKA

Kidonda kisichouma si kidonda kilichopona.
Wiki 2 zikipita, nenda ukaonyeshe.
Usimtenge mgonjwa. Msindikize hospitali.